Kura ya Aliye Mbali

Herieth na Kabula walilala mzungu wa nne kwenye kitanda namba kumi na moja, miguu ya huyu kichwani kwa yule, na vichanga wao katikati. Chini ya kitanda hicho ndipo alipolala Coleta, mama yake Herieth, juu ya gunia la mbolea alilolichana na kulitandaza. Ilikuwa siku ya tisa. Sakafu ya saruji ilikuwa na baridi ya Ufipa, ile inayopenya hadi mfupani hata mwezi wa kumi, na kila muuguzi alipopita na ndoo, Coleta alikunja miguu asikanyagwe.

Alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita, mkulima wa ulezi na mahindi wa kijiji cha Lyampinda, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu kutoka mji mdogo wa Chala. Binti yake alipasuliwa ili mtoto atoke. Mtoto alitoka salama, lakini mshono ulifumuka ukaanza kutoa usaha. Kila asubuhi Coleta alikwenda duka la dawa kununua bandeji na glovu, maana siku hizi mgonjwa alikuja hospitali na vitu vyake kama mtu anayehamia nyumba mpya. Homa ilimkausha Herieth maziwa. Kabula, mke wa mfugaji wa Kisukuma kutoka huko chini bonde la Rukwa, alimnyonyesha mjukuu wa Coleta pamoja na wa kwake, bila kuombwa na bila kulisemea.

Alhamisi jioni redio ya muuguzi wa zamu ilikuwa ikitangaza habari za uchaguzi wa Jumapili, uchaguzi wa pili tangu vyama viwe vingi. Mtangazaji alisema kwa sauti ya taratibu, kama asomaye matangazo ya vifo: mpiga kura atapiga kura katika kituo alichojiandikisha, na si kwingineko.

Coleta alitoa kichwa chini ya kitanda. "Amesemaje huyo?"

"Kwamba ukapige kwenu," alisema Kabula.

Coleta alishika kilemba chake. Ndani ya pindo, kwenye kipande cha nailoni, ilikuwemo shahada yake ya kupigia kura. Alikuja nayo makusudi. Muda wote huo aliamini kwamba karatasi yenye jina lake na mhuri wa serikali ingetambulika popote serikali hiyo ilipo.

Asubuhi alikwenda Mazwi, hapo hapo Sumbawanga mjini, kwenye vyumba viwili vilivyogeuzwa ofisi ya uchaguzi. Nyuma ya meza alimkuta kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni, kibao mbele yake kikisema anaitwa Benjamini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimejiandikisha Lyampinda. Niko hapa na mgonjwa. Nataka kupiga kura."

"Lyampinda iko Nkasi. Hii ni wilaya nyingine."

"Ndiyo maana nimekuja kuuliza. Ingekuwa ni hapa, ningekwenda kupanga foleni."

Benjamini alitabasamu, akafunua kitabu chembamba cha maelekezo. Alikuwa mpole. Alimsomea kifungu chote, kidole kikifuata mstari. Mpiga kura aende mwenyewe. Aende na shahada. Aende kituo lilipo jina lake.

"Na asiyeweza kwenda?"

"Hapigi."

"Mimi ninayemtaka ni diwani, mwanangu. Rais atapatikana hata nisipokuwepo."

Alisema hivyo kwa sababu diwani ndiye aliyemkosesha usingizi. Mheshimiwa Leonardi, diwani wa kata yao, alipeleka halmashauri muhtasari wa mkutano wa kijiji unaosema wananchi wa Lyampinda wameridhia bonde la Nsanga apewe mwekezaji. Mkutano huo haukuwahi kufanyika. Muhtasari ulikuwa na dole gumba la watu mia na thelathini, na la marehemu mume wa Coleta likiwemo. Msimu uliopita waya ulizungushwa bondeni, matuta ya ulezi yakabaki ndani, wenyewe wakabaki nje. Ilibaki hatua moja tu, baraza jipya la madiwani kuidhinisha hati. Kornel, mkulima mwenzao, aligombea kwa chama kingine kwa ahadi moja tu, kwamba yeye hataidhinisha.

"Karatasi za udiwani wa kata yenu haziko hapa," alisema Benjamini. "Ziko kule kule."

"Iletwe moja."

Kijana alicheka, kisha akaona kwamba mama hatanii.

"Basi niandike hapa mbele yako," Coleta aliendelea. "Uifunge, uigonge mhuri, uipeleke kwa posta. Barua za parokia zinafika Chala kila mwezi na hakuna anayezifungua."

"Nchi nyingine wanafanya hivyo, mama. Sisi sheria yetu haina kura ya posta."

"Inakataza?"

"Haikusema."

"Kama haikusema, wewe unasemaje?"

Kabla hajajibu aliingia askari, kofia kwapani. Benjamini akamtolea fomu ya rangi ya waridi, akamwonyesha pa kusaini, akagonga mhuri. Askari akaikunja, akaondoka. Haikuchukua muda.

"Na huyo kapewa nini?"

"Huyo Jumapili atapangiwa kituo ambacho sicho alichojiandikisha. Fomu inamruhusu apige huko huko."

"Nami nipe hiyo."

"Ni ya walio kwenye kazi ya uchaguzi, mama."

"Mimi nimekaa siku kumi chini ya kitanda ninakamua usaha wa mwanangu. Hiyo unaiita nini?"

Kijana alifunga kitabu. "Usinipe lawama. Sikuandika sheria mimi."

"Najua. Lakini aliyeiandika alijua kwamba askari anaweza kuwa mbali na kwao. Mbona hakujua kwamba na mtu anaweza kuugua?"

Benjamini akamwita aliyefuata.

Coleta aliporudi wodini alikaa ukingoni mwa kitanda, akawaeleza alivyojibiwa. Kabula alimtazama, akamhamishia mtoto titi la pili.

"Nenda, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mimi kesho kutwa wangeniruhusu kutoka. Nitasema tumbo bado linauma. Nitawaosha wote watatu."

"Na ninyi kwenu hampigi?"

"Mtendaji wa kwetu alisema ng'ombe wetu wanahama na sisi ni watu wa kuhama. Miaka kumi na mmoja tuko pale pale. Hakutuandika." Aliinua mabega. "Wewe umeandikwa. Nenda."

Herieth alikuwa macho, midomo imekauka. "Utarudi lini?"

"Jumatatu jioni niko hapa."

"Usipopata gari?"

"Nitapata."

Msichana alifumba macho. Hakusema nenda, wala hakusema baki. Coleta aliichukua ruhusa hiyo kama ilivyo.

Jumapili alfajiri alikuwa stendi. Magari hayakuwepo, madereva walikuwa wakingoja kupiga kura kwanza. Kwenye saa tatu lilitokea lori lililokuwa likienda tupu kufuata dagaa ziwani, na dereva akakubali kumpakia nyuma kwenye matenga yanayonuka. Barabara ilikuwa ya vumbi na makorongo. Nyasi za uwanda zilikuwa zimeungua nyeusi hadi upeo wa macho, na upepo ulimpulizia majivu usoni. Alijifunika khanga, akashikilia chuma. Chala alishuka saa sita na nusu, akanywa maji kwenye bomba la shule, akaanza kutembea.

Akiwa amefika nusu ya njia, alikutana na pikapu ikitoka upande wa Lyampinda. Aliijua, ni ya Mheshimiwa Leonardi, bendera tu ndizo zilizokuwa zimetolewa. Nyuma walikaa wanawake watano na wanaume kadhaa, kila mmoja na kidole chenye wino mweusi. Coleta aliinua mkono kusalimia, halafu mkono ukamganda. Hakumjua hata mmoja. Yeye alizaliwa Lyampinda, akaolewa Lyampinda, alijua mpaka mbwa wa kule kwa sauti zao. Mwanamke mmoja alipoona anatazamwa alificha kidole ndani ya khanga.

Coleta aliongeza mwendo.

Kituo kilikuwa darasa la nne la shule ya msingi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika kumi. Kituo hufungwa saa kumi. Foleni ilikuwa fupi, watu wasiozidi kumi na watano. Walipomwona na vumbi lake walishangaa, wakamuuliza hali ya mgonjwa, wakamsogeza mbele. Msimamizi wa kituo alikuwa Mwalimu Yonas, aliyewafundisha watoto wake wote wanne na ambaye kila mwaka baada ya mavuno alipelekewa debe la ulezi kutoka kwa Coleta.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Coleta kwa kuheshimu mvi zake, akatoa shahada kwenye nailoni.

Mwalimu Yonas hakuipokea upesi. Aliiangalia, akaangalia daftari, akaliangalia tena daftari kama anayesubiri herufi zibadilike.

"Mama Herieth," alisema polepole. "Umeshapiga."

"Nimeshapiga wapi?"

"Hapa. Jina limepigwa alama."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi nilikuwa juu ya matenga ya dagaa, mwalimu. Unajua nilikokuwa. Jumapili iliyopita, nimesikia, ulitangaza mwenyewe kanisani watu wamwombee Herieth."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Alikuja mtu, akasema shahada yake imepotea. Alikuwa na barua ya mtendaji wa kata kwamba yeye ni Coleta. Barua ina mhuri. Maelekezo yanasema nikubali."

"Na macho yako yalisemaje?"

Mwalimu aliigeuza miwani, akafuta upande wa pili. Pembeni, kwenye dawati la mawakala, Salome, msichana aliyekaa kumwakilisha Kornel, alisimama. "Nilipinga, mama. Niliwaambia huyu simjui. Wakasema wakala hana kazi ya kutambua sura, kazi yake ni kuangalia barua kama ina mhuri."

"Wako wangapi wa barua?"

"Kumi na tisa. Nimewaandika."

Coleta aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, vidole vimetanuliwa. Vilikuwa vimechanika, vina vumbi na harufu ya samaki. Wino haukuwepo. "Aliyepiga kura hapa anachovywa wino. Wa kwangu uko wapi?"

"Wino unatoka kwa limau," alisema mtu nyuma yake. Alikuwa mtendaji wa kata, aliyeingia kimya kimya, shati limechomekwa vizuri. "Wote tunajua. Mama, usicheleweshe watu. Kama una malalamiko, kuna fomu."

"Ipo wapi?"

"Inajazwa na mgombea au wakala. Siyo mpiga kura."

"Basi mimi nipe karatasi ya kura."

"Ukipewa utakuwa umepiga mara mbili. Hilo ni kosa la jinai."

Watu kwenye foleni walianza kunong'ona. Askari wa kituo alisogea, kijana mrefu, kamba ya filimbi begani. Coleta alimgeukia.

"Mwanangu, wewe kwenu ni wapi?"

"Njombe."

"Umejiandikisha huko?"

Askari alisita. "Ndiyo."

"Leo umepiga kura?"

"Nimepiga. Nina fomu."

"Humu humu?"

"Ya rais tu. Humu."

"Umesikia, mwalimu?" Coleta hakupaza sauti. "Huyu ni wa Njombe, amepiga. Aliyejiita mimi, ametoka nisikojua, amepiga. Mwenye jina amepanda lori, ametembea saa mbili na nusu kwa miguu, ameacha mgonjwa, huyo ndiye anaambiwa sheria haimruhusu. Sitoki hapa."

Na hakutoka. Alishika kingo za meza. Mtendaji alimwambia askari amwondoe, askari akamshika mkono, akauachia, akaushika tena. Bibi mmoja kwenye foleni alisema, "Mwacheni apige, mnaogopa nini?" Mwingine akasema hata yeye hapigi mpaka Coleta apige. Foleni ikakatika, watu wakajaa mlangoni. Mwalimu Yonas aliendelea kufuta miwani ambayo ilikwisha takata.

"Mpeleke stoo," alisema mtendaji. "Ametaka kupiga mara mbili, mbele ya mashahidi. Atakwenda polisi Namanyere, wilayani, na gari la masanduku."

Walihitajika wanaume wawili kumbandua mezani.

Stoo ya shule ilipakana na darasa. Ilikuwa na majembe, ndoo zilizotoboka na ramani ya nchi iliyoliwa na mchwa upande mmoja. Juu ya ukuta palikuwa na matundu ya hewa. Coleta alisimama juu ya ndoo aliyoigeuza, mdomo ukafika karibu na matundu. Saa kumi ilipogonga, alisikia mlango wa darasa ukifungwa, sanduku likifunguliwa, na sauti ya Mwalimu Yonas ikianza kusoma karatasi moja moja.

"Leonardi."

"Kornel."

"Leonardi."

Alisikiliza kwa muda. Kisha akaanza naye kusoma. Alisoma kwa sauti ya shambani, ile ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Agnesi mke wa fundi baiskeli! Yuko Wampembe tangu mwezi wa nane, anakausha dagaa!"

Ndani, sauti ya mwalimu ilikatika, ikaendelea. "Leonardi."

"Hellena! Yuko Mpanda kwa kaka yake! Nani amempigia?"

"Kornel."

"Sayi, yule mlinzi wa mashine! Amevunjika mguu, yuko hospitali, kitanda cha dirishani, nimemwona jana kwa macho yangu! Nani amempigia?"

Nje uwanjani kulikuwa na watu waliobaki kungoja matokeo. Coleta alipotaja jina la nne, mtu mmoja huko nje alijibu, "Hayupo!" La tano wakajibu wawili. La sita ukajibu uwanja. Hakuwa na daftari. Aliwapitia kichwani nyumba kwa nyumba, kuanzia kisimani hadi kanisani, kila mlango aliojua umefungwa. Askari aligonga mlango wa stoo kwa kirungu. "Mama, nyamaza, unaharibu zoezi!" Akamjibu kwa jina jingine. Uwanja ukaitikia, "Hayupo!"

Alifikisha majina kumi na saba. La kumi na nane lilikuwa lake.

"Coleta! Yupo Sumbawanga anauguza!"

Hapo uwanja ulikosa la kuitikia. Kisha Salome, kutoka ndani ya chumba cha kuhesabia ambako wakala haruhusiwi kupiga kelele, alisema kwa nguvu, "Yupo! Yupo stoo!"

Salome alitolewa nje. Kura ziliendelea kuhesabiwa bila wakala wa Kornel.

Matokeo yalibandikwa mlangoni jua likizama. Leonardi mia moja na themanini na saba. Kornel mia moja na sabini na moja. Tofauti kumi na sita. Mtu aliyasoma kwa sauti, akarudia, na hakuna aliyeondoka. Kornel mwenyewe, aliyekuja mbio kwa baiskeli kutoka kituo cha pili, aliomba fomu ya malalamiko. Aliambiwa ijazwe na wakala aliyekuwepo mpaka mwisho wa kuhesabu.

Gari lilikuwa moja tu. Mwalimu Yonas aliketi mbele kwa dereva, bahasha za matokeo mapajani. Mtendaji alijibana pembeni yake. Nyuma walipakia sanduku la kura lililofungwa kwa lakiri, kisha askari, kisha Coleta. Watu walisimama pande zote mbili za njia. Bibi wa kwenye foleni alimrushia khanga kavu na mhogo wa kuchemsha uliofungwa kwenye jani. Hakuna aliyelia. Walitembea nyuma ya gari hadi liliposhika kasi wakashindwa.

Askari aliweka buti lake juu ya sanduku lisitikisike.

"Nitafikishwa kwa hakimu lini?" Coleta aliuliza.

"Hakimu yuko safari. Labda Jumatano. Labda Alhamisi."

"Nina mgonjwa."

"Utamweleza hakimu." Kisha akasema, akitazama pembeni, "Nami mama yangu anaumwa, kule Njombe."

"Basi unajua," alisema Coleta.

Alisogea, akaweka mkono wake wa kulia juu ya sanduku, karibu na buti. Plastiki ilikuwa bado na joto la darasani.

"Usiguse mali ya serikali, mama."

Hakuutoa. Askari alirudia amri. Coleta alimtazama usoni, akabonyeza kiganja kwa nguvu zaidi. Askari aliangalia dirisha la mbele kama kuna anayeona, kisha akaangalia giza lililokuwa linaingia.

Walipofika njia panda ya Chala dereva alipunguza mwendo. Kushoto ilikuwa barabara ya Namanyere. Kulia, ile ya Sumbawanga, lori la dagaa lilikuwa limesimama pembeni likipakia abiria, taa zimewashwa, na utingo akiita kwa sauti iliyokauka kwamba nafasi moja imebaki, moja tu, Sumbawanga, nani anakwenda Sumbawanga.

Gari la masanduku likakata kushoto.